Ruzuku ya Mbolea Trans Nzoia: Sajili Ndiyo Inayoamua

Mkulima wa mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia, nchini Kenya, hapokei fedha za ruzuku mkononi. Serikali ya kitaifa hugharimia sehemu ya bei ya mbolea, naye hulipa kiasi kilichobaki. Mpango wa sasa ulianza Septemba 2022, wakati mfuko wa kilo 50, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 6,000 katika mfumuko uliozidishwa na vita vya Ukraine, ulipoanza kuuzwa kwa shilingi 3,500. Mwaka uliofuata bei hiyo ikashushwa hadi 2,500.

Kwa kuwa msaada umo ndani ya bei, wengi hudhani kwamba kinachotakiwa ni kufika bohari na pesa. Sivyo. Anayestahili huamuliwa na sajili ya kidijitali ya wakulima, iliyojazwa kwa msaada wa machifu na manaibu wao, ambamo huandikwa kitambulisho chake, namba ya simu, mahali shamba lilipo na ukubwa wake kwa ekari. Vocha, yaani ujumbe unaomruhusu kununua kwa bei ya ruzuku, hutumwa kwa namba hiyo ya simu, na idadi ya mifuko hufuata ekari zilizoandikwa. Mkulima aliyebadilisha laini bila kumwarifu chifu anaweza kusubiri msimu mzima ujumbe ambao umekwenda kwa mtu mwingine.

Hapa ndipo wanyonge huumia zaidi. Kukodi shamba ni jambo la kawaida Trans Nzoia, na mara nyingi mapatano ni ya mdomo. Mwenye ardhi akijiandikisha kwa ekari ambazo halimi, aliyezikodi hununua mbolea kwa bei ya duka. Vivyo hivyo kwa mke anayepanda, kupalilia na kuvuna, ilhali simu iliyosajiliwa ni ya mume aliye kazini Nairobi. Kwa maoni yangu, kuhakiki sajili kijiji kwa kijiji kabla ya mvua za Machi kungewafaa wakulima hawa kuliko kupunguza bei kwa shilingi mia chache zaidi.

Umbali nao hula ruzuku. Aliye na ekari moja, akilipa shilingi 500 za bodaboda kwa mfuko mmoja, amenunua mbolea kwa 3,000, si 2,500. Ndiyo sababu majirani hukusanya vocha zao na kukodi gari moja, na ni busara kufanya hivyo mapema, kwani mbolea ya kupandia ikifika mahindi yameshaota, faida yake kubwa imepotea.

Udongo pia usisahauliwe. Maeneo mengi ya kaunti hii yana udongo wenye asidi, na matumizi ya miaka mingi ya DAP, mbolea ya kupandia, yamechangia kuiongeza. Udongo wa namna hiyo hushika fosforasi, kirutubisho cha mmea, isifikie mizizi, hata mbolea ikiwa nafuu kiasi gani. Pima kwanza, na ukishauriwa, weka chokaa ya kilimo.

Mwaka wa 2024 baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia mpango huu ilibainika kuwa duni, na serikali ikaahidi kuwafidia walioathirika. Dai la namna hiyo linahitaji ushahidi. Tunza risiti na ujumbe wa vocha hadi mavuno, hifadhi mfuko mtupu wenye namba ya shehena, na ukiona chembe zina mchanga au haziyeyuki, mwite afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kuitia yote shambani.