Joki haketi: dhana potofu kuhusu wapanda farasi wa mashindano na wakufunzi wa farasi

"Farasi ndiye anayekimbia, joki amekaa tu."

Kauli hii nimeisikia mara nyingi kuliko zote, hata kwa watu waliokwenda uwanja wa Ngong, Nairobi, siku ya Jumapili wakaziona mbio kwa macho yao. Ukweli ni kwamba joki haketi. Mlango wa kuanzia ukifunguka, makalio yake hayagusi tandiko. Amesimama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa, mgongo umelala sambamba na shingo ya farasi, na uzito wake wote umebebwa na mapaja na vifundo vya miguu. Jaribu nyumbani: chuchumaa nusu, inama mbele, kaa hivyo dakika mbili. Mapaja yataanza kutetemeka mapema, nawe uko sakafuni, si juu ya mnyama wa kilo 500 anayekata kilomita 60 kwa saa.

Mkao huo ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo waliketi wima, miguu imening'inia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mkao mpya ulipoenea, muda wa mbio ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7. Sababu yake inapendeza: farasi hupanda na kushuka kila hatua, lakini joki hukunja na kukunjua magoti kama springi, hivyo mwili wake unakwenda kwa mwendo mmoja. Farasi bado amebeba uzito ule ule, ila halazimiki kuurusha juu na mbele kila anapopiga hatua.

"Lazima uwe mfupi."

Mizani haipimi urefu. Lester Piggott wa Uingereza alikuwa na mita 1.73, akashinda Derby ya Epsom, mbio maarufu ya Uingereza, mara tisa, ya kwanza mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 18. Tony McCoy wa Ireland ya Kaskazini, aliyekuwa bingwa wa mbio za kuruka vizuizi misimu 20 mfululizo, ana mita 1.78. Linalowatesa ni kilo. Kabla ya mbio joki hupanda mizani akiwa amekumbatia tandiko lake, kwa sababu tandiko nalo linahesabiwa. Kwenye Kentucky Derby, mbio maarufu ya Marekani, jumla hiyo ni kilo 57 kwa farasi dume. Akimaliza kati ya washindi, hupimwa tena.

Mtu mrefu kufikia kilo hizo ni mateso. Fred Archer, bingwa wa Uingereza mara 13, alijinyima chakula mno mwaka 1886 ili apande farasi mmoja kwenye mbio za Newmarket. Akashindwa kwa tofauti ndogo sana, akaugua homa ya matumbo, na mwezi wa Novemba, akiwa katika weweseko la homa na bado ana majonzi ya kufiwa na mke, akajiua kwa bastola. Alikuwa na miaka 29. Mambo yamebadilika polepole mno: ni miaka ya karibuni tu Uingereza imeondoa kwenye viwanja vya mbio vyumba vya mvuke ambavyo majoki walikuwa wakiketi kutoa maji mwilini saa chache kabla ya kupanda.

"Majoki wote ni matajiri."

Wachache, ndiyo. Chukua mbio ndogo ya Marekani yenye zawadi ya dola 10,000. Mshindi kwa kawaida hupata dola 6,000, na joki wake hupata asilimia 10, yaani 600. Wakala anayemtafutia farasi wa kupanda huchukua robo ya hizo, na yule anayemtayarishia matandiko naye ana fungu lake. Asiyeshika nafasi ya maana huondoka na ada ndogo ya kupanda, kama dola mia. Na akianguka mkono ukavunjika, hapandi, na asiyepanda halipwi. Kwa hofu ya ajali kama hiyo, kwenye mbio nyingi utaona ambulansi ikikimbia nyuma ya farasi tangu mwanzo hadi mwisho.

"Ni mchezo wa Wazungu."

Hapa naomba tutulie kidogo, maana dhana hii imefuta historia ya watu.

Kentucky Derby ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1875. Majoki walikuwa 15, na 13 kati yao walikuwa weusi. Aliyeshinda ni Oliver Lewis, mtu mweusi, juu ya farasi Aristides, na mkufunzi wa farasi huyo alikuwa Ansel Williamson, aliyezaliwa utumwani. Isaac Murphy alishinda mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Katika Derby 28 za mwanzo, 15 zilishindwa na majoki weusi. Kazi ya farasi ilikuwa yao tangu enzi za utumwa. Walioijua miguu ya farasi, chakula chake na hasira zake walikuwa wao.

Kisha wakasukumwa nje. Majoki wazungu waliwabana kwenye uzio katikati ya mbio, kwa makusudi, na wenye farasi wakaacha kuwapa farasi. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, na hadi leo hakuna joki mweusi wa Marekani aliyeshinda tena. Yeye alikwenda Urusi, akawa bingwa huko. Mapinduzi yalipofika, mwaka 1919 aliondoka Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, pamoja na wenzake wakiswaga farasi zaidi ya 200 hadi Poland, njaa na vita njiani. Akaishia Ufaransa, akapanda, kisha akawa mkufunzi. Mwaka 1961 alialikwa Louisville, mji wa Kentucky Derby, kwenye karamu ya kuadhimisha Derby ile ile. Mlangoni mwa hoteli yeye na binti yake wakazuiwa kwanza, kwa rangi yao.

"Wanawake hawawezi."

Michelle Payne alishinda Melbourne Cup, mbio kubwa ya Australia, mwaka 2015. Rachael Blackmore alishinda Grand National, mbio ya kuruka vizuizi ya Uingereza, mwaka 2021. Hili limekwisha.

"Mkufunzi ni joki aliyestaafu."

Wengine ndiyo, wengi sivyo. Saeed bin Suroor alikuwa polisi Dubai kabla ya kuwa mkufunzi, na mwaka 1995 farasi wake Lammtarra akashinda Derby ya Epsom. Hapa kwetu, Beryl Markham, aliyekulia Njoro kwenye farasi wa baba yake, alipata leseni ya ukufunzi akiwa bado binti wa miaka kama 18, na baadaye akawafunza washindi wa Kenya Derby mara sita. Na Bill Shoemaker, joki Mmarekani aliyeshinda mbio 8,833, alipooza kwa ajali ya gari mwaka 1991, akaendelea kuwafunza farasi akiwa kwenye kiti cha magurudumu hadi 1997.

Kazi yenyewe haiko uwanjani siku ya mbio. Iko bandani, alfajiri, kabla ya jua. Mkufunzi huinama, hushusha kiganja polepole nyuma ya mguu wa mbele wa farasi, chini ya goti, pale ilipo kano kubwa ya nyuma. Anatafuta joto. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, hata kama farasi anatembea vizuri, kuna kitu kimeumia ndani. Mara nyingi saisi amekwisha kuligundua kabla yake, kwa kuwa ndiye anayempiga brashi na kumlisha kila siku. Anamwambia, mkufunzi anashika tena pale pale, na jina la farasi linaondolewa kwenye orodha ya Jumapili.