Biskuti Laini za Mdalasini na Kisukari: Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Biskuti za mdalasini zisizo na mayai wala maziwa zimeanza kuzunguka kwenye simu za watu kwa jina la "biskuti za afya", na kila wiki kuna mgonjwa wa kisukari anayeniuliza habari zake. Biskuti zenyewe nazipenda, nyumbani naoka. Yanayosemwa juu yake ndiyo yanayoniletea wagonjwa hali zao zikiwa mbaya.

Biskuti hizi ni kitu gani hasa?

Ni unga, sukari, mafuta ya mimea na mdalasini, na badala ya yai huwekwa kitu kingine cha kushikanisha, mara nyingi ndizi mbivu iliyopondwa. Hamna chochote kilichotoka kwa mnyama. Kwa mtu anayedhuriwa na mayai au maziwa, au ambaye imani yake haimruhusu kuvila, zinamfaa sana.

Kwa kuwa hazina mayai wala siagi, mwenye kisukari si anaweza kula atakavyo?

Hapana. Yai na siagi havikuwa ndivyo vinavyopandisha sukari yako. Vinavyoipandisha ni unga na sukari yenyewe, na hivyo viwili vimebaki humo humo. Unga wote wa ngano, mweupe au wa atta, ukishasagwa tumboni unageuka sukari kwenye damu. Wa atta unakwenda polepole kidogo kwa sababu ya nyuzinyuzi zake, lakini unafika.

Nesi, nasikia mdalasini unashusha sukari. Nikila hizi biskuti kila siku, naweza kupunguza vidonge?

Hapana. Usipunguze hata kimoja.

Utafiti juu ya mdalasini na kisukari umefanyika mara nyingi na majibu yake yanapingana: wengine waliona sukari inashuka kidogo, wengine hawakuona kitu. Hakuna mwongozo wa tiba unaosema mdalasini uchukue nafasi ya dawa. Na huo wa kwenye biskuti umeshachanganywa na sukari! Unapanda gari linaloelekea kusiko kwako.

Nitawaeleza ninachokiona. Mama mmoja wa makamo alikuja na kontena la biskuti alizotuokea wauguzi, kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa ameacha metformini, vidonge vyake vya kisukari, kwa wiki kadhaa kwa sababu jirani alimwambia mdalasini unatosha. Nilipomwomba avue kandambili nimkague miguu, nikakuta mkanda umemchimba katikati ya vidole, nyama iko wazi na inanuka. Hakuwa amesikia maumivu yoyote, maana sukari ya muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguu. Tulipompima, mashine haikutoa namba. Iliandika HI, yaani sukari imepita pale mashine inapoweza kuhesabu.

Kwa hiyo narudia: mdalasini ni kiungo, si dawa ya kisukari. Kama unachoma insulini, ndiyo kabisa usithubutu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.

Basi nitumie dawa, na mdalasini nilambe kijiko kijiko pembeni?

Kwa nini? Uliomo kwenye chakula unatosha. Mdalasini uko wa aina mbili sokoni. Ule wa Zanzibar gome lake ni jembamba, limejiviringisha tabaka nyingi kama karatasi, unalivunja kwa vidole. Mwingine, kasia, ni gome nene na gumu lenye mkunjo mmoja, nao una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini mtu akiitumia kwa wingi kila siku. Ukishasagwa huwezi kuutambua kwa macho, hivyo nunua gome usage mwenyewe.

Nikiweka sukari guru badala ya sukari nyeupe?

Sukari guru ni sukari. Asali nayo ni vivyo hivyo, na tena hiyo imetoka kwa nyuki. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai, na guru imo kwenye hesabu hiyo. Chai ya asubuhi peke yake huwamalizia wengi nusu ya vijiko hivyo.

Wewe unaokaje?

Vikombe viwili vya unga wa atta, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, kijiko kimoja cha mdalasini, chumvi kidogo. Pembeni ponda ndizi moja iliyoiva hadi ganda limeingia madoa meusi, changanya na theluthi ya kikombe ya mafuta ya alizeti na vijiko 10 vya chai vya sukari. Mafuta ya nazi siweki, yana mafuta mazito kuliko hata siagi. Mimina kwenye unga, ongeza maji kidogo kidogo mpaka ushikane, kisha acha. Usikande kama chapati. Ukikanda zitakuwa ngumu. Tengeneza viduara 20 kama ndimu ndogo, viviringishe kwenye vijiko viwili vya chai vya sukari vilivyochanganywa na mdalasini, vibonyeze kidogo.

Ovenini ni nyuzi 180 kwa dakika kama 10. Kwenye jiko la mkaa, weka moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko. Epua kingo zikishashika huku katikati kukiwa bado laini, uziache kwenye trei dakika 10 zijikaushe kwa joto lake. Ukingoja katikati kukauke motoni, umepata mawe. Na watoto wasirambe bakuli: hakuna yai, lakini unga mbichi nao hubeba vijidudu.

Kila biskuti hapo ina sukari ya kuongezwa kidogo zaidi ya nusu kijiko cha chai. Ukitumia kikombe kizima cha sukari, kama mapishi mengi yanavyotaka, ni zaidi ya vijiko viwili kila moja.

Sasa nile ngapi?

Mbili, na si juu ya mkate. Biskuti moja ina wanga karibu sawa na slesi moja ya mkate, kwa hiyo ukila mbili, slesi mbili zinabaki mezani. Kama una mashine nyumbani, pima saa mbili baada ya kula uone mwili wako unasemaje.

Sukari ikishuka ghafla, natetemeka na jasho linanitoka, nile biskuti?

Si biskuti kwanza, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Ukitulia ndipo ule chakula. Mtu aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na sukari ikipanda, lini nije?

Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kukonda, macho kuona ukungu: njoo kesho yake. Kutapika, kuhema kwa kasi, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyochacha, kusinzia kusiko kwa kawaida, au kidonda chochote cha mguu: njoo leo. Usimalize kwanza chai ya mdalasini.

Nimeshaacha dawa mwezi mzima, naona aibu kurudi.

Rudi. Uliyeacha insulini, usingoje kesho, njoo sasa hivi. Uliyeacha vidonge, usivifidie kwa kumeza viwili viwili. Njoo asubuhi kabla hujanywa chai, ukiwa na pakiti zako hata kama ni tupu, tukupime na tukukague miguu.