Je, wajua kwa nini mfanyakazi hodari huhitaji kusoma upya akishapewa umeneja?

Karibu kila mahali pa kazi, njia ya kuufikia umeneja ni ileile: unafanya kazi yako vizuri kuliko wenzako, wakubwa wanakuona, unapandishwa. Muuguzi anayetegemewa anakuwa mkuu wa wodi, mhasibu makini anakabidhiwa kitengo, mhandisi anayeijua mitambo yote anapewa idara. Kuanzia siku hiyo, kazi aliyoimudu kwa miaka anatakiwa awaachie wengine, naye aanze kufanya nyingine ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Kama alikuwa bora kuliko wote, kwa nini tena apelekwe darasani?

Kwa sababu sifa zilizompandisha si zile atakazozihitaji huko alikopanda. Hili limepimwa. Mwaka 2019 wachumi watatu, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha utafiti kuhusu wauzaji katika kampuni 131 za Marekani. Waliona kwamba aliyeuza sana ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kufanywa meneja. Lakini kadiri meneja mpya alivyokuwa muuzaji mkubwa hapo awali, ndivyo wale aliowaongoza walivyoelekea kufanya vibaya zaidi. Waliofanya vizuri kama mameneja walikuwa wale waliozoea kushirikiana na wenzao katika mauzo, hata kama majina yao hayakuwa juu ya orodha.

Matokeo hayo yangemfurahisha Henri Fayol, mhandisi wa migodi aliyeongoza kampuni kubwa ya makaa ya mawe na chuma nchini Ufaransa kuanzia 1888 hadi 1918. Mwaka 1916 alichapisha hoja ambayo wakati huo ilikuwa ngeni: kwa fundi wa kawaida, ujuzi wa ufundi ndio kila kitu, lakini kadiri mtu anavyopanda ngazi, sehemu ya ufundi hupungua na sehemu ya utawala huongezeka. Kisha akauliza mbona vyuo vya uhandisi havifundishi utawala hata kidogo. Jibu lake lilikuwa kwamba hapakuwa na nadharia iliyoandikwa ya kufundishia, basi yeye akaanza kuiandika. Mwaka 1955 Mmarekani Robert Katz aliligawa jambo hilo katika stadi tatu: za kiufundi, za kuhusiana na watu, na za kuielewa taasisi kwa ujumla wake. Stadi za watu, alisema, zinahitajika kila ngazi. Ile ya tatu ndiyo inayokua kadiri cheo kinavyokua.

Meneja wa ngazi ya kati ndiye anayebanwa zaidi na mabadiliko haya. Juu yake yupo mkurugenzi anayesema gharama zishuke. Chini yake wapo wasimamizi na watu wao wanaouliza kesho tufanye nini. Yeye ndiye wa kuligeuza agizo pana liwe ratiba, bajeti, zamu na majukumu yenye wenyewe. Tena anapaswa kupeleka habari juu pia: kwamba lengo halifikiki kwa watu waliopo, kwamba mashine ile imechoka, kwamba utaratibu uliopitishwa mwezi uliopita unawachelewesha wateja. Kupeleka habari mbaya kwa wakubwa, mapema na kwa takwimu, ni stadi ambayo wengi hawaipati kwa kukaa tu ofisini.

Ndiyo maana ukifungua mtaala wa kozi nzuri ya mameneja wa kati utakuta mambo ambayo mwanzoni yanaonekana madogo: kukasimu majukumu (yaani kuwakabidhi wengine kazi pamoja na mamlaka yake), kufanya mazungumzo ya tathmini ya utendaji, kusoma bajeti na kuielezea inapopishana na matumizi, kupanga mabadiliko, kusuluhisha migogoro, kupima mwenendo wa kazi. Katika hayo yote, naona kukasimu ndiko kugumu kuliko kote kwa mtu aliyepandishwa kwa uhodari wake. Anajua angeifanya kazi ile kwa nusu saa. Msaidizi wake ataifanya kwa saa mbili, na atakosea mara ya kwanza. Kila akiichukua mwenyewe anaokoa saa moja na nusu leo, na msaidizi habadiliki. Miezi sita baadaye meneja anaondoka kazini usiku, na watu wake wanasubiri maamuzi yake kwa kila jambo. Wala si uvivu wao. Ameshawazoesha hivyo.

Kozi nzuri hulifundisha hili kwa hatua zinazofanyiwa mazoezi: kuchagua jukumu la kumpa mtu, kueleza matokeo yanayotakiwa na mipaka ya mamlaka aliyopewa, kupanga siku za kukagua maendeleo, kisha kujizuia kuingilia kabla ya siku hizo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayohitaji mazoezi mengi.

Basi wangapi hupata mafunzo hayo? Mwaka 2023 taasisi ya Chartered Management Institute ya Uingereza, kwa kushirikiana na YouGov, kampuni ya kura za maoni, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 82 ya watu walioingia kwenye umeneja nchini humo hawakuwa wamepata mafunzo rasmi ya uongozi. Nchi ambayo imekuwa na taasisi ya taifa ya mameneja tangu 1947 bado inawapa watu idara na kuwaacha wajifunze kwa kukosea. Wanaolipa gharama ya makosa hayo ni walio chini yao, na hilo hunisikitisha kuliko hasara yoyote ya kifedha.

Mafunzo ya wasimamizi kwa wingi yaliwahi kufanikiwa, na hayakuhitaji mwaka mzima darasani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Marekani viliajiri umati wa watu wasiowahi kufanya kazi ya kiwanda. Mpango wa serikali ulioitwa Training Within Industry, uliodumu kuanzia 1940 hadi 1945, uliwalenga wasimamizi wao. Ulikuwa na kozi kuu tatu: namna ya kumfundisha mtu kazi, namna ya kuboresha utaratibu wa kazi, na namna ya kushughulika na watu. Kila moja ilichukua saa 10, zilizogawanywa katika vikao vitano vya saa mbili mbili. Msimamizi hakuruhusiwa kukaa tu na kusikiliza: alileta kazi halisi au tatizo halisi kutoka kiwandani kwake na kulifanyia mazoezi mbele ya wenzake. Zaidi ya watu milioni 1.6 walipata vyeti vyake. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na mafunzo ya Toyota yalijengwa kwa sehemu juu ya msingi wake.

Leo sifa za kitaaluma kwa mameneja ni nyingi hadi zinachanganya, kwa hiyo inafaa kujua zinavyopangwa. Chukua mfumo wa Uingereza, ambao vyeti vyake husomewa katika nchi nyingi. Ngazi ya 3 huwalenga wasimamizi wa mstari wa kwanza, ngazi ya 5 mameneja wa kati, na ngazi ya 7 viongozi wa juu wanaopanga mwelekeo wa taasisi. Namba hiyo hueleza ugumu wa masomo: ngazi ya 6 ni sawa na shahada ya kwanza, na ya 7 ni sawa na shahada ya uzamili. Ukubwa wa kozi ni jambo jingine. Ndani ya ngazi hiyohiyo ya 5 kuna kozi ndogo isiyozidi saa 120, cheti cha saa 121 hadi 369, na stashahada ya saa 370 au zaidi, zikihesabiwa saa za darasani, za kujisomea na za kuandaa kazi za kupimwa. Watu wawili wanaweza wote kusema wana sifa ya ngazi ya 5, na mmoja akawa amesoma mara tatu ya mwenzake. Anayeajiri asipouliza, hajui amepata nini.

Kitu cha kuangalia zaidi ni namna mtu anavyopimwa. Kozi nyingi za aina hii hazina mtihani wa kukaa na kuandika. Mwanafunzi hutakiwa kuchukua jambo la idarani kwake, kama vile mpango wa kupunguza ucheleweshaji au bajeti ya robo mwaka, alichambue, alifanyie kazi na kuleta ushahidi wa kilichobadilika. Hadhi ya Chartered Manager, inayotolewa na Chartered Management Institute baada ya taasisi hiyo kupata hati ya kifalme mwaka 2002, hudai mtu aonyeshe athari ya uongozi wake kazini na aendelee kujifunza baada ya kuipata. Cheti cha PMP kwa wasimamizi wa miradi, kilichoanza mwaka 1984, kina mtihani, lakini hakipatikani bila uzoefu wa miaka kadhaa wa kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, na mwenye nacho hutakiwa kukusanya alama 60 za kujiendeleza kila miaka mitatu. Kwa maoni yangu masharti hayo ya kuendelea kusoma ndiyo yanayokipa cheti thamani, kwa sababu meneja wa miaka kumi iliyopita hakufundishwa kuongoza watu ambao hawaoni ana kwa ana kwa wiki nzima.

Na MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara? Ilianza kutolewa Harvard, chuo kilichofungua shule yake ya biashara mwaka 1908. Inafaa kwa anayetaka kuelewa fedha, masoko na mwelekeo wa kampuni nzima. Lakini meneja ambaye shida yake ya leo ni wasimamizi wawili wasioelewana, na kazi zinazokwama kati ya kitengo na kitengo, atasaidiwa haraka zaidi na kozi fupi inayoanzia hapohapo alipo.

Sasa swali gumu zaidi: mafunzo haya hufanya kazi kweli? Ushahidi mmoja mzito ulitoka India. Kundi la wachumi lililomjumuisha Nicholas Bloom lilifanya jaribio katika kampuni 17 za nguo karibu na Mumbai. Viwanda vingine vilipewa miezi kadhaa ya washauri waliofanya kazi bega kwa bega na mameneja: kuandika kasoro za ubora kila siku, kutunza mashine kwa ratiba, kupanga stoo, kukutana kila siku kuangalia takwimu. Vingine vilifanyiwa uchunguzi tu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, viwanda vilivyosaidiwa vilipandisha uzalishaji kwa asilimia 17 ndani ya mwaka wa kwanza. Ona kwamba hapakuwa na semina ya hotelini. Kila somo lilifanyiwa kazi palepale penye mashine.

Utafiti wa zamani kidogo unaeleza kwa nini mahali pa kujifunzia pana uzito hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Edwin Fleishman aliwafuatilia wasimamizi wa kampuni ya International Harvester waliopelekwa kwenye shule ya kampuni kujifunza kuwajali na kuwasikiliza watu wao. Walipomaliza, mitazamo yao ilikuwa imebadilika. Lakini walipopimwa wakiwa wamerudi kazini, mafunzo peke yake hayakuleta tofauti ya kudumu. Kilichoeleza mwenendo wao vizuri zaidi ni namna bosi wao mwenyewe alivyowaongoza. Aliyerudi kwa bosi asikilizaye, alisikiliza. Aliyerudi kwa bosi wa kukemea, alikemea. Mwaka 1988 Timothy Baldwin na Kevin Ford walipokusanya tafiti za aina hii, waliitaja hali ya mahali pa kazi kuwa moja ya nguzo tatu zinazoamua kama somo litatumika, pamoja na mwanafunzi mwenyewe na namna kozi ilivyoundwa.

Kwa hiyo anayemlipia meneja wake kozi ana kazi ya kufanya kabla ya kutia saini malipo. Akae naye wakubaliane ni tatizo gani la idara ataliendea kozini. Ampunguzie sehemu ya kazi zake za zamani, maana meneja wa mauzo anayeendelea kupimwa kwa mauzo yake binafsi atauza tu, hata afundishwe nini. Akirudi, wakutane baada ya wiki chache kuangalia alichojaribu. Kama inawezekana, aende na wenzake wawili au watatu wa taasisi ileile, wawe wanakutana kusaidiana kwenye matatizo halisi. Mwingereza Reg Revans aliutumia mtindo huo kwa mameneja wa migodi ya makaa ya mawe miaka ya 1940, na kozi nyingi zimeuchukua.

Kwenda zaidi ya mmoja kuna faida nyingine pia. Watafiti walivirudia viwanda vile vya India miaka kadhaa baadaye na kukuta karibu nusu ya taratibu zilizoanzishwa zimeachwa, ingawa viwanda vilivyosaidiwa bado vilikuwa mbele ya vingine kwa mbali. Sababu mojawapo iliyotajwa sana ni kwamba mameneja waliofundishwa walikuwa wameondoka. Naibu wa idara na msimamizi mwandamizi nao waingizwe kwenye orodha ya watakaosoma tangu mwaka wa kwanza.