Je, wajua kwa nini tumbaku ya Zimbabwe ilifufuka baada ya mashamba kutwaliwa, lakini mahindi yakasuasua?

Mwaka 2000 wakulima wa Zimbabwe waliuza takribani kilo milioni 237 za tumbaku. Miaka minane baadaye, mashamba makubwa ya walowezi yakiwa yameshatwaliwa na kugawanywa, mauzo yalikuwa yameporomoka hadi kama kilo milioni 48, na wengi walidhani zao hilo limekwisha. Halikwisha. Mwaka 2019 zilifika sokoni takribani kilo milioni 259, na safari hii wakulima wenyewe walizidi 100,000, wengi wao wakiwa na vishamba vya hekta chache. Mahindi, ambayo ndiyo chakula cha kila nyumba, hayakupata bahati hiyo. Mwaka 2008 mavuno hayakufika tani 600,000, na kwa miaka mingi iliyofuata nchi iliyozoea kuwauzia majirani zake nafaka ikawa inaiagiza kutoka nje.

Ardhi ilikuwa ileile, mvua ileile, na mara nyingi mkulima alikuwa yuleyule, mwenye tumbaku upande mmoja wa shamba na mahindi upande wa pili. Kwa hiyo jibu linalotolewa haraka, kwamba waliopewa mashamba hawakujua kulima, halitoshi hata kidogo. Tumbaku ni ngumu kuliko mahindi: miche huoteshwa kitaluni, huhamishiwa shambani kwa tarehe zilizowekwa na sheria, majani huchumwa kwa awamu kadiri yanavyoiva, kisha hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa siku kadhaa huku moto ukichungwa usiku na mchana. Aliyeweza hayo yote hawezi kushindwa na mahindi kwa kukosa maarifa. Jibu la kuaminika zaidi liko kwenye karatasi, yaani hati ya shamba, na ili kuielewa karatasi hiyo ni lazima kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Wazungu wa msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza wa migodi, walipoingia nchini mwaka 1890, kila mmoja aliahidiwa shamba la ekari 3,000. Ahadi hiyo ilikuja kuwa hati, na hati ikafungua mlango wa mkopo: mwaka 1912 ilianzishwa Benki ya Ardhi ya kuwakopesha walowezi. Sheria ya Ugawaji wa Ardhi ya mwaka 1930 iliwatengea Wazungu, waliokuwa kama 50,000, takribani nusu ya nchi nzima, tena sehemu zenye mvua na udongo mzuri, huku Waafrika zaidi ya milioni moja wakiachiwa chini ya theluthi moja. Wengi wao walisukumwa kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya Waafrika, yenye udongo wa kichanga na mvua haba. Katika maeneo hayo, mbali na eneo dogo lililoruhusiwa Waafrika wachache kununua, hapakuwa na hati ya mtu binafsi. Familia ililima kwa idhini ya wakuu wa jadi chini ya mamlaka ya serikali, na hakuna benki iliyoweza kupokea idhini hiyo kama dhamana. Tofauti kati ya mlowezi na jirani yake Mwafrika, basi, haikuwa ya jembe na trekta peke yake. Mmoja aliweza kununua mbolea kwa fedha ambayo hajaipata bado, na mwingine hakuweza.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo linalobeba hoja nzima. Kilimo hudai fedha kwanza na kulipa baadaye. Mvua za Zimbabwe huanza kunyesha karibu na Novemba. Kabla ya hapo mkulima anahitaji mbegu, mbolea ya kupandia, mafuta ya trekta na mishahara, nayo mbolea ya kukuzia itafuata wiki chache baadaye. Mavuno yatamletea fedha miezi mingi mbele. Mkulima mwenye hati aliipeleka benki, ikawekwa rehani, akapewa fedha za msimu, akalipa baada ya kuuza, na mwaka uliofuata akarudi tena. Mzunguko huo ulikwenda kwa miongo mingi, hata shamba na benki vikawa kama pacha.

Uhuru ulipopatikana tarehe 18 Aprili 1980, mashamba ya Wazungu wapatao 6,000 yalikuwa yameshika zaidi ya theluthi moja ya nchi. Mapatano yaliyofikiwa Lancaster House, jijini London, mwishoni mwa mwaka 1979 yaliingiza katika katiba mpya kifungu kilichodumu miaka 10: kwa jumla serikali ingepata ardhi kwa kununua kutoka kwa anayependa kuuza, na pale ambapo ingeruhusiwa kutwaa, ilitakiwa kulipa fidia kamili na ya haraka, ambayo mwenye shamba angeweza kuihamishia nje ya nchi. Serikali iliweka lengo la kuzihamishia familia 162,000 kwenye ardhi mpya. Hadi mwisho wa miaka ya 1990 zilizopata hazikuzidi sana 70,000. Wauzaji walitoa zaidi mashamba ya pembezoni, bei zilipanda, na Uingereza ilichangia pauni zinazokadiriwa kuwa milioni 44 katika miaka yote hiyo. Mwaka 1997 waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, aliiandikia Harare kwamba serikali yao mpya haikubali kuwa Uingereza ina wajibu wa pekee wa kugharimia ununuzi wa ardhi.

Haitakuwa haki kuutupia mzigo wote upande wa London. Kifungu cha Lancaster kilipoisha muda wake mwaka 1990, na Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ikapitishwa mwaka 1992, serikali ilikuwa na meno ambayo haikuyatumia kwa dhati, na baadhi ya mashamba iliyoyapata yaliangukia mikononi mwa wakubwa. Watu wa Svosve, jirani na Marondera, walichoka kusubiri, wakaingia katika mashamba ya jirani mwaka 1998, miaka miwili kabla ya wimbi kubwa la uvamizi wa mashamba. Wanaosimulia habari hii kana kwamba yote yalianzia ofisini kwa Robert Mugabe huwasahau watu hao.

Wimbi lenyewe lilianza Februari 2000, siku chache baada ya wananchi kuikataa rasimu ya katiba ya serikali katika kura ya maoni. Wapiganaji wa zamani wa vita vya ukombozi, vijana wa chama tawala na wanavijiji wasio na ardhi waliingia mashambani kwa maelfu. Vurugu hizo zikapewa jina la Kishona, jambanja. Watu walipigwa, wengine wakauawa, na uchaguzi wa Juni mwaka huo ulifanyika katikati ya hofu hiyo. Mwezi Julai serikali ilizindua rasmi mpango wa ugawaji wa haraka wenye aina mbili za mashamba: A1 kwa wakulima wadogo, na A2 kwa wale waliotarajiwa kulima kibiashara.

Katika yote hayo, kundi ninaloona limedhulumiwa kuliko wote ni wafanyakazi wa mashamba, watu zaidi ya 300,000, ambao wengi walikuwa watoto na wajukuu wa wahamiaji kutoka Malawi, Msumbiji na Zambia. Wamiliki walikuwa na hati za kudai fidia, na waliogawiwa walipata barua. Wafanyakazi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha, na wachache sana kati yao walipata ardhi.

Mkulima mpya, basi, alipewa barua ya serikali iliyotaja jina lake na eneo lake. Iliyakinisha kwamba anaruhusiwa kuwa pale, lakini hakuweza kuiuza wala kuiweka rehani, na waziri aliweza kuifuta. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliyafanya mashamba yaliyotwaliwa kuwa mali ya serikali na kuwazuia wamiliki wa zamani kupinga utwaaji huo mahakamani. Mwaka 2006 ikaanza kutolewa mikataba ya upangaji ya miaka 99 kwa wenye mashamba ya A2, ila mabenki hayakuikubali kuwa dhamana, kwa hoja rahisi: mkopaji akishindwa kulipa, benki haina inachoweza kumuuzia mtu mwingine. Mfumuko wa bei, uliofikia asilimia milioni 231 kwa takwimu rasmi za Julai 2008, ulimalizia hata mikopo michache iliyokuwa imebaki. Ukame nao ulipiga mara kwa mara, na bei ya mahindi iliyopangwa na serikali haikumpa mkulima moyo wa kulima ziada.

Tumbaku ilipata njia ya pembeni. Kuanzia mwaka 2004 makampuni yaliruhusiwa kuingia mkataba na mkulima kabla ya msimu: yanampa mbegu, mbolea, dawa na wakati mwingine makaa ya mawe ya kukaushia, naye anaahidi kuyauzia zao. Dhamana hapo si ardhi, ni jani lenyewe. Mpango huu unafanya kazi kwa sababu jani la tumbaku haliliwi, haliuzwi gengeni, na kisheria hupitia masoko yaliyosajiliwa chini ya usimamizi wa bodi ya zao hilo. Kila mkulima ana namba yake. Robota linapofika kwenye sakafu ya soko likapimwa na kupewa bei, deni la kampuni hukatwa kwanza, na mkulima hupokea kinachobaki.

Mahindi hayafungwi kwa kamba hiyo. Gunia huliwa nyumbani, hukopeshwa kwa shemeji, huuzwa usiku kwa mchuuzi wa barabarani. Kampuni iliyotoa mbolea haina mahali pa kusimama ili ikate deni lake, kwa hiyo wachache tu hujitokeza kutoa. Mwaka 2017 unalithibitisha hili vizuri. Serikali iliingia yenyewe mahali pa benki, ikagawa mbegu na mbolea kwa mkopo, mvua ikanyesha vizuri, na mahindi yakavuka tani milioni 2. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo haikurudishwa, na mzigo ukabaki hazina.

Njia ya tumbaku nayo ina machungu yake. Wapo wakulima wanaomaliza msimu wakiwa na deni tu, maana anayewakopesha ndiye anayenunua, na misitu ya miombo imekatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za mabani.

Mwaka 2020 serikali ilitia saini makubaliano ya kuwalipa wamiliki wa zamani dola bilioni 3.5 za Marekani, si kwa ajili ya udongo, bali kwa majengo, mabwawa na mitambo waliyoiacha. Desemba 2024 ikaanza kutoa hati kwa wakulima waliogawiwa mashamba, hati zinazoweza kuhamishwa miongoni mwa Wazimbabwe wazawa na kupelekwa benki. Kwa mwenye shamba kubwa la A2 naiona hatua hii kuwa imechelewa mno. Kwa mwenye hekta sita za A1 nina hofu, kwa kuwa karatasi inayomwezesha kukopa ndiyo hiyohiyo itakayoiwezesha benki kumwondoa baada ya misimu miwili ya ukame, na ukame wa mwaka 2024, uliokausha mahindi karibu kote nchini, ulitokea miezi michache tu kabla hati hizo hazijaanza kutolewa.