Mafunzo ya mhudumu wa afya ya akili na tabia: mambo ya kujua kabla ya kuingia wodini

Mhudumu wa afya ya akili na tabia hatambui ugonjwa wala haandiki dawa. Hata hivyo, ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko wataalamu wengine: yupo anapoamka, anapokula, anapokataa dawa, anapokosa usingizi. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, kisha huamua kwa kutegemea sana alichoona na kuandika mhudumu. Ndiyo maana kozi inayokaririsha majina ya magonjwa tu, bila kumfundisha mwanafunzi kutazama na kuandika, inamwacha mtupu siku ya kwanza ya zamu.

Chukua mgonjwa aliyeanza juzi dawa ya kutuliza saikosisi, yaani hali ya kuona au kusikia visivyokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Hawezi kukaa, anatembea huku na huko, akiketi anachezesha miguu. Mhudumu asiyefunzwa vizuri ataandika "msumbufu, hatulii". Daktari akisoma hivyo anaweza kudhani ugonjwa umepanda na kuongeza dozi, kumbe hali hiyo inaweza kuwa imeletwa na dawa yenyewe, na dozi kubwa itaizidisha. Aliyefunzwa ataandika, kwa mfumo wa saa 24: "16:20 hadi 16:50 alitembea korido bila kusimama, aliketi mara tatu, kila mara chini ya dakika moja, akasema miguu inamlazimisha kuinuka." Hakuna hukumu hapo. Kuna muda, kitendo, hesabu na maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Ustadi huo haupatikani kwa mhadhara. Unahitaji kutazama tukio, kuliandika, kisha msimamizi akukosoe mstari kwa mstari. Ukikosea kwenye jalada la karatasi, likate kosa kwa mstari mmoja, weka saini na tarehe, kisha andika maelezo sahihi pembeni. Usifute wala usipake rangi nyeupe. Usiandike uangalizi kabla haujafanyika. Kwa mgonjwa aliyepangiwa kuangaliwa kila baada ya dakika 15, kujaza fomu ya saa nzima kwa mkupuo ni kosa la hatari, maana fomu itasema yu salama wakati hakuna aliyemwona. Dakika 15 ni kikomo cha juu. Pita kwa nyakati zisizotabirika ndani ya kikomo hicho, na kama amelala hakikisha unaona kifua kikipanda na kushuka.

Wanaofanya kazi na watoto wenye usonji hutumia rekodi ya sehemu tatu: kilichotangulia, tabia yenyewe, na kilichofuata. Mtoto amepewa zoezi la kuandika, akapiga kelele, akatolewa nje. Ukiona mfuatano huo ukijirudia, huenda kelele zinamsaidia kukwepa zoezi, na kumtoa nje kunazikuza. Kubuni mpango ni kazi ya mtaalamu aliye juu yako, lakini hawezi kuubuni bila rekodi zako.

Mwili nao ufundishwe kwa uzito uleule. Wanafunzi wengi huingia wakidhani kazi hii ni ya mazungumzo tu. Mtu aliyezoea pombe kwa wingi akiacha ghafla, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Mishtuko inayofanana na kifafa hutokea zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka kukali, pamoja na joto, jasho na kuona visivyokuwepo, huja mara nyingi kati ya saa 48 na 96, na huua kusipotibiwa. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa baada ya kuizoea, hujitokeza kwa miayo, makamasi, vipele vya baridi, kuhara na maumivu. Yenyewe mara chache huua, ingawa kuhara na kutapika kunaweza kukausha maji mwilini. Hatari kubwa huja baadaye: mwili umeshapoteza uzoefu wa heroini, na mtu akirudia kiasi chake cha zamani, pumzi inaweza kukata. Kwa hiyo matumizi ya naloksoni, dawa inayoondoa athari za heroini kwa haraka, yawe sehemu ya mafunzo kwa vitendo.

Dalili hizi zinahitaji muuguzi aitwe papo hapo: homa na misuli kukakamaa kwa anayetumia dawa za saikosisi; kutapika, kuyumba na kutetemeka sana kwa anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia; homa, koo kuuma au choo kufunga kwa anayetumia klozapini, mojawapo ya dawa za saikosisi. Usisubiri makabidhiano ya zamu.

Kutuliza mgonjwa aliyepandwa na hasira ni somo la kuigiza, tena kwa kurudia mara nyingi. Simama umbali wa kama mikono miwili, ukiwa upande kidogo. Njia yake ya kutokea isizibwe, na yako pia. Aongee mhudumu mmoja tu, kwa sentensi fupi, kisha anyamaze ampe nafasi ya kujibu. Mpe chaguo mbili za kweli, na usiahidi usichoweza kutimiza. Mambo huharibika zaidi pale wahudumu watatu wanapomwamrisha kwa pamoja, au mmoja anapotaka kushinda ubishi.

Kumshika kwa nguvu ni hatua ya mwisho, pale tu maisha yanapokuwa hatarini, na kwa waliofuzu mbinu hiyo. Kumlaza kifudifudi huku mtu akiegemea mgongo wake kunaweza kumnyima pumzi hadi afe. Mgonjwa anayesema hapumui asibishiwe kwa kuwa anaongea: achiwe, ageuzwe, upumuaji uangaliwe.

Kuhusu siri, usimwahidi mgonjwa kwamba hutamwambia mtu yeyote. Akikueleza nia ya kujiua au kumdhuru mwingine, lazima timu ijue, na ni uungwana kumwambia hivyo mapema. Usimwombe kiapo cha kutojidhuru ukaona yameisha. Endelea kumwangalia kama alivyopangiwa.

Masharti ya kuingia hutofautiana. Nchini Marekani, cheti cha fundi wa tabia aliyesajiliwa (RBT), anayefanya kazi hasa na watu wenye usonji, huhitaji umri wa miaka 18, elimu ya sekondari iliyokamilika, uchunguzi wa rekodi za makosa, mafunzo ya saa 40, tathmini ya umahiri na mtihani. Akishafuzu, angalau asilimia 5 ya saa anazohudumia kila mwezi lazima zisimamiwe. Saa 40 ni mlango tu, na hazimtoshi anayekwenda wodi ya wagonjwa mahututi wa akili.

Kabla ya kulipa ada popote, kiulize chuo: nitakaa wodini saa ngapi? Nani atanitazama nikifanya kazi, na ana leseni gani? Cheti kinatambuliwa na mamlaka gani? Je, nitapimwa kwa vitendo au kwa maswali ya kuchagua peke yake? Chuo kikishindwa kujibu hilo la mwisho waziwazi, tafuta kingine.