Serengeti Boys: maneno ya kijiweni na rekodi yenyewe

Jana tumebishana habari za Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya wavulana chini ya miaka 17 (U-17), mpaka kahawa ikapoa, na mbishi mwenyewe ni jamaa anaekijua kikosi cha Yanga mpaka benchi la akiba, ila ukimpeleka kwenye timu za vijana anaanza kubuni tu. Basi nimeona niandike hapa, siku nyingine akinianza namtumia linki nakunywa zangu kahawa.

Kwanza hili la kijiweni, "Serengeti Boys si walishaenda Kombe la Dunia bana". Hawakwenda. Mpaka fainali za Qatar 2025 zinapigwa vijana wetu wa kiume wa U-17 walikuwa hawajacheza Kombe la Dunia la umri wao hata dakika moja. Walichocheza ni AFCON ya vijana, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la U-17, ambayo ndo mlango wa kuingilia huko, na wengi wanachanganya kwa sababu 2017 tulifika mlangoni kabisa, mkono uko kwenye kitasa.

Na hiyo 2017 nayo ina uongo wake. Kwenye kufuzu AFCON hiyo, kuna wanaosema tuliitoa Congo Brazzaville uwanjani, kuna wanaosema Congo walitupiga vibaya tukabebwa mezani, yaani kwa maamuzi ya nje ya uwanja. Wote mmekosea. Dar tulishinda 3-2, kule Brazzaville tukafungwa 1-0, jumla 3-3, Congo wakapita kwa goli la ugenini. Lakini tulikuwa tumelalamikia umri wa mchezaji wao mmoja, CAF, shirikisho la soka Afrika, ikaagiza aletwe apimwe MRI (kipimo cha kupiga picha ndani ya mwili), Congo hawakumleta, wakaondolewa na nafasi ikarudi kwetu. Sasa mtu akisema mezani sawa, ni mezani, ila sheria ni ile ile iliyotukata sisi wenyewe: tulishafuzu AFCON ya vijana ya Gambia 2005 tukaenguliwa kwa kumchezesha aliyezidi umri. Hii vijiweni huwa hawaisimulii, sijui kwa nini (najua kwa nini).

Tukiwa hapo hapo kwenye MRI, kile kipimo hakisomi mwaka uliozaliwa jamani. Wanapiga picha kifundo cha mkono, wanaangalia ule mfupa mkubwa unaokuja upande wa kidole gumba, kwenye ncha yake kuna sehemu laini ambayo mfupa unakulia, na kadiri kijana anavyokomaa ile sehemu inajifunga. Ikionekana imejifunga kabisa, uwezekano wa mtu huyo kuwa chini ya miaka 17 unakuwa mdogo mno, basi anachinjwa. Kwa hiyo unaweza ukawa na miaka 18 ukapita kwa sababu mfupa wako unachelewa, na cheti cha kuzaliwa kiwe kinasema chochote kinachotaka. FIFA walianza kukitumia Kombe la Dunia la U-17 la 2009 kule Nigeria.

Haya, Gabon yenyewe, ambako hiyo AFCON ya 2017 ilichezwa. "Tulitolewa kwa tofauti ya magoli", hii nimeisikia mpaka kwa watu wazima wenye heshima zao. Chukua kalamu. Sare ya 0-0 na Mali, ambao ndo waliokuja kubeba kombe, kisha tukaipiga Angola 2-1, tukabaki na Niger na tukihitaji sare tu. Sare tu! Tukafungwa 1-0. Sisi pointi 4, Niger pointi 4, tofauti ya magoli sisi sifuri na wao sifuri, kilichotuua ni kwamba wanaangalia kwanza nani kamfunga nani mlipokutana, na Niger ndo katoka kutufunga siku hiyo hiyo. Nne bora ndo walikuwa wanakwenda Kombe la Dunia India, wakaenda Niger. Mimi ile mechi nimeiangalia kibanda umiza nimesimama, refa kapuliza filimbi watu hawajaondoka, wamekaa wanaitazama tu ile tv kama vile kuna kipindi cha tatu kinakuja.

2019 AFCON ya vijana ikawa kwetu, ndo kuna ile "mwenyeji anaingia Kombe la Dunia moja kwa moja". Uenyeji ulitupa tiketi ya AFCON tu, Kombe la Dunia ilikuwa lazima ufike nusu fainali. Mechi ya kwanza Nigeria wakatufunga 5-4, na usidhani tulikuwa tunakimbiza tu, kuna wakati tulikuwa mbele, wakarudi wakatumaliza. Halafu Uganda 3-0, Angola 4-2. Hesabu: tumefunga 6, tumefungwa 12, mechi tatu pointi sifuri na tuko nyumbani. Mwaka mmoja kabla tulikuwa mabingwa wa CECAFA ya U-17 (mashindano ya Afrika Mashariki na Kati) kule Burundi, fainali tumeipiga Somalia 2-0, ndo maana matarajio yalikuwa juu hivyo. CECAFA na AFCON ni ngazi mbili tofauti, hili linatusumbua kila mwaka.

Na wanaosema 2021 tulishindwa kufuzu AFCON, tulifuzu. Tulipita CECAFA ya Rwanda pamoja na Uganda, mashindano yenyewe ya Morocco ndo yakafutwa kwa korona. 2025 yakafanyika huko huko Morocco, mechi tatu tukapigwa zote, wala sina la kuongeza.

"Wakitoka hapo wanapotea wote." Nahodha wetu kule Gabon alikuwa Dickson Job. Yule Job wa Yanga na Taifa Stars, ndio, huyo huyo. Kibwana Shomari naye alikuwepo. Kelvin John wa 2019 akaenda Genk ya Ubelgiji. Wapo waliopotea kweli ila "wote" ni uvivu wa kufuatilia.

Sasa ile niliyoiweka mwisho makusudi, maana jamaa yangu jana alimalizia kwa mkwara, "Tanzania U-17 haijawahi kukanyaga Kombe la Dunia, mada imefungwa". Hajasema wavulana. Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana ya U-17, 2022 waliitoa Cameroon, kwao 4-1 na Zanzibar 1-0, wakaenda Kombe la Dunia. Wakaanza kwa kupigwa 4-0 na Japan, huku mtaani watu wakaanza na vicheko vyao, siku tatu baadae wakaifunga Ufaransa 2-1, goli la pili penalti, wakatoka sare ya 1-1 na Canada wakaingia robo fainali, wakatolewa 3-0 na Colombia waliokwenda mpaka fainali. Mashindano yalikuwa India. Kocha alikuwa Bakari Shime, yule yule aliyekuwa benchi Gabon siku ya Niger.

Jamaa kasoma mpaka hapa kanijibu "ila mi nilikuwa naongelea wavulana". Kahawa ya leo analipa yeye.