Bath 16 Leicester 15: eti refa aliiba kombe?

Kila nikikaa na watu wa raga wa rika langu lazima mmoja alete ile ya Pilkington Cup 1996, kombe la mtoano la klabu za England, eti Leicester waliibiwa mchana kweupe. Nimechoka kubishana kwa mdomo, acha niandike.

"Bath walipewa pointi saba za bure." Hapana bana. Dakika za mwisho Leicester wanaongoza 15-9, Bath wamepiga kambi mita chache tu kutoka kwa mstari, na kila mpira ukitaka kutoka kwa raki, lile rundo la wachezaji wanaougombea chini, kuna mtu wa Leicester anauua makusudi. Uvumilivu wa refa Steve Lander ukaisha, akatoa penalti trai, yaani faulo ikizuia trai (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) refa anaihesabu kama imefungwa. Siku hizi hiyo ni saba moja kwa moja lakini sheria hiyo ilikuja 2017, mwaka 1996 unapewa tano na zile mbili za mkwaju wa nyongeza unazipiga mwenyewe. Kwa hiyo ilikuwa 15-14, Leicester bado wako juu, na Jon Callard wa Bath akauweka mpira chini aupige pale Twickenham watu kama 75,000 wakimtazama. Ndio najua, mkwaju ulikuwa katikati ya goli, hata shemeji yako angefunga. Haya, apige basi akijua kombe zima liko kwa kiatu chake.

"Lakini Leicester ndio walifunga trai za kweli." Walifunga mbili, Niall Malone na Matt Poole, sikatai. Bath tisa zao za mwanzo zilitoka kwa mguu. Sasa nani alisema za mguu hazihesabiwi?

Kuna wanaoapa Neil Back wa Leicester alifungiwa maisha kwa kumsukuma Lander mpaka chini baada ya kipenga cha mwisho. Ilikuwa miezi sita. Mwenyewe alijitetea kwamba alidhani ni Andy Robinson wa Bath, na hapo kila mtu aamini anavyotaka, mimi bado nacheka. Kichekesho zaidi, England ilipobeba Kombe la Dunia 2003 Back alikuwa uwanjani na Robinson alikuwa kwenye benchi la makocha wake.

"Bath walishinda sababu walikuwa na pesa za kulipa wachezaji." Raga iliruhusu malipo Agosti 1995, sawa, lakini chama cha England kiliweka breki ya msimu mzima, kwa hiyo kwenye karatasi hao bado ni wachezaji wa ridhaa. Na hilo lilikuwa kombe lao la kumi tangu 1984, fainali kumi ushindi kumi, wengi wao wakitoka kazini jioni kwenda mazoezi. Msimu huohuo walichukua na ligi.

Ya mwisho ndio huniudhi: "kama walikuwa wazuri mbona Wigan waliwapiga 82-6 siku nne baadaye?" Wigan ni raga ligi, watu 13 kila upande, mchezo mwingine kabisa, na hiyo mechi ilichezwa Maine Road kwa sheria zao Wigan. Tarehe 25 Mei wakarudiana Twickenham kwa sheria za Bath, raga ya watu 15, ikaisha 44-19 kwa Bath. Hiyo ya pili mbona hamuitaji?